Sandarusi, nzi wa chooni na mkia wa kubandika

Walioniandikia kuuliza kama nimedisko, hapana jamani, bado nipo Mlimani. Mitihani imeisha salama, boom bado ni hadithi tu, na mimi nina jambo la kihistoria limenikaa kichwani wiki nzima. Ni refu kidogo, kwa hiyo chukua chai kabisa.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu akikuuzia kisukuku, utajuaje kama ni cha kweli? Na kama ni cha kweli, utajuaje kama ni kile anachosema yeye? Hayo ni maswali mawili, siyo moja, na watu wenye majina makubwa kuliko sisi wameumia kwa kuyachanganya.

Chanzo cha yote ni dada mmoja wa mwaka wa pili tunayesoma naye kwenye kundi la majadiliano. Alikwenda Unguja, akarudi na kidani: kipande cha rangi ya asali, ukubwa wa korosho, na ndani yake vidudu vitatu. Muuzaji alimwambia ni kaharabu ya miaka milioni 40. Akatoa shilingi 45,000, na wote tunajua hiyo ni sahani ngapi za wali maharage. Sasa kuna mgeni mmoja, mwanafunzi aliyekuja kusoma hapa muhula mmoja, amekipenda na yuko tayari kutoa dola 150, ila anataka karatasi yenye maelezo: ni nini, kimetoka wapi, kina umri gani. Dada akaja kwangu. "Wewe si mtu wa historia na akiolojia? Niandikie basi."

Sikuandika. Nilimwomba siku tatu, nikaenda maktaba, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho kikanifurahisha sana: swali lake siyo geni hapa kwetu. Karne ya 19 forodha ya Unguja ilikuwa inalijibu kila siku ya biashara.

Sandarusi, kwa wale waliokulia bara kama mimi, ni utomvu wa mti uitwao mtandarusi, ambao wataalamu wa mimea leo wanauita Hymenaea verrucosa. Utomvu unatoka kwenye gome, unaganda, unadondoka, unafukiwa na udongo, na kadiri unavyokaa chini ndivyo unavyozidi kuwa mgumu. Ulaya na Marekani walikuwa wanaulilia kwa ajili ya vanishi ya magari ya farasi na samani, maana sandarusi ya Unguja ilikuwa inahesabiwa miongoni mwa zile ngumu kuliko zote duniani. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 akafika konseli wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts. Salem ni mji mdogo wa bandari, lakini meli zake zilijaa hapa zikileta nguo (ndiyo hiyo merikani ya kwenye vitabu vya Form Three) na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kule Salem bwana mmoja, Jonathan Whipple, alikuwa na kiwanda chake cha kuisafisha sandarusi peke yake.

Ingawa sandarusi tunaiita ya Unguja, sehemu kubwa haikutoka Unguja. Ilichimbwa Mrima, huku bara upande wa pili wa maji, na wachimbaji walikuwa Wazaramo na majirani zao. Walichimba vishimo vifupi kwa jembe dogo, wakajaza kikapu, wakauza kwa mfanyabiashara wa pwani, naye akamuuzia mwenzake, mpaka inafika forodhani mikononi mwa watu wa Jairam Shivji aliyekodisha ushuru wa Unguja. Yaani yule Mmarekani anayetoa pesa alikuwa hajawahi kuliona shimo. Aliona gunia tu. Na ndani ya gunia kulikuwa na vitu viwili vinavyofanana: sandarusi iliyokaa ardhini muda mrefu mpaka ikaiva, na utomvu mbichi uliobanduliwa mtini au kuokotwa chini ya mti. Huo wa pili uliitwa chakazi.

Tunayajua haya vizuri kwa sababu Richard Burton, yule mpelelezi Mwingereza, alipita hapa kati ya 1857 na 1859, na katika kitabu chake cha 1860 ameeleza biashara ya sandarusi kwa urefu. Burton alikuwa na dharau zake, ukimsoma utakasirika mara tano kwa ukurasa, lakini jicho la biashara alikuwa nalo. Ndiye anayesema neno chakazi liliwashinda wafanyabiashara wa kizungu, wakaligeuza kuwa "jackass", yaani punda dume, na mpaka leo vitabu vya zamani vya vanishi vya Kiingereza vinataja sandarusi ya punda. Nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikaangaliwa.

Sasa sikia namna walivyozitofautisha. Sandarusi iliyoiva, ukishaiosha na kuondoa ganda la juu, inaonyesha vipele vidogo vidogo uso mzima kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Wazungu walisema ngozi ya bata bukini, ni yale yale. Chakazi haina vipele hivyo. Ndani ina ukungu ukungu, ukiibonyeza ni laini, na ukiitia kwenye spiriti inalainika kama lami. Kwa hiyo ile iliyoiva ilikwenda kwa wanaolipa vizuri, na chakazi ikapelekwa India na China kwa vanishi ya bei rahisi. Hebu fikiria kidogo. Hapo hakuna maabara wala shahada. Kuna mchimbaji, mpagazi, karani na mnunuzi, na kila mmoja ana sababu ya kujua tofauti kwa vidole vyake.

Kulikuwa na fumbo jingine pia: je, mti ulioutoa huo utomvu wa ardhini bado upo, au ulishakufa zamani? Maana sandarusi bora ilichimbwa sehemu ambazo hazina mtandarusi hata mmoja. Aliyelishughulikia ni John Kirk, daktari aliyefika Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa konseli wa Uingereza. Yeye alionyesha kwamba utomvu wa shimoni na utomvu wa mti unaoota leo pwani ni wa mti ule ule. Maana yake misitu ilikuwepo pale, ikatoweka, na sandarusi ndiyo iliyobaki kutoa ushahidi.

Basi na umri je? Hapa ndipo pesa ilipo, kwa sababu kaharabu na sandarusi ni ndugu wanaotofautiana umri. Kaharabu ya Bahari ya Baltiki, ile maarufu ya Ulaya kaskazini, ina miaka milioni 30 na zaidi. Sandarusi ni changa mno. Vipande vingi vya Madagaska, wanakotoka mtandarusi huo huo, vilipopimwa kwa njia ya kaboni vilikutwa na umri wa mamia ya miaka tu. Mwaka 2020 kuna wataalamu walipendekeza hata jina libadilike, kwamba utomvu uliotoka baada ya mwaka 1760 usiitwe tena kisukuku cha aina yoyote, na jina la kopali, ambalo ndilo la sandarusi huko kwao, libaki kwa ule wa zamani zaidi, mpaka kufikia miaka milioni 2 na nusu. Mimi naona wana haki, ingawa Mzaramo wa 1850 alikuwa ameshachora mpaka wake bila mkutano wowote.

Haya, turudi kwenye kidani. Nilifanya vipimo viwili vya umaskini. Cha kwanza, maji ya chumvi: kikombe cha maji, chumvi unakoroga mpaka haiyeyuki tena. Kioo kinazama, na plastiki nyingi za kuigiza kaharabu zinazama. Kaharabu inaelea. Kidani kikaelea, dada akapiga makofi. Nikamwambia subiri, kwa sababu sandarusi nayo inaelea, na kuna plastiki inaelea vile vile. Kipimo hiki kinakuondolea baadhi ya wezi, hakikwambii jina la aliyebaki.

Cha pili, asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Tone moja upande wa nyuma usioonekana, unasubiri kidogo, unagusa kwa kidole. Kaharabu haijali. Sandarusi inanata. (Plastiki nyingine nazo zinanata, kwa hiyo unanusa pia. Ukipasha sindano na kuigusisha, plastiki inanuka plastiki, utomvu unanuka utomvu, kama ubani hivi.) Kidole cha dada kikanata. Harufu ya ubani ikajaa chumba.

Kipimo cha kumaliza ubishi kipo, ila siyo cha chumbani. Miaka ya 1960 mkemia Curt Beck alionyesha kwamba ukipitisha miale ya infraredi kwenye kaharabu ya Baltiki unapata mchoro wenye alama ambayo utomvu mwingine hauna. Tangu hapo mtu anaweza kukwambia shanga iliyofukuliwa kaburini Ugiriki ilitoka Baltiki au la.

"Kwa hiyo ni feki?" dada akauliza.

Hapana, si feki. Ni sandarusi halisi iliyopewa jina la mwingine. Ni kama mtu anayeingia Nkrumah kufanya mtihani na kitambulisho cha mwenzake: mtu ni wa kweli, kitambulisho ni cha kweli, uongo uko pale vilipokutanishwa. Lakini bado sikuwa nimemaliza, kwa sababu ya wale vidudu. Na hapa lazima niwape habari ya nzi.

Mwaka 1850 mtaalamu wa nzi wa Kijerumani, Hermann Loew, alieleza nzi aliyekuwa ndani ya kaharabu ya Baltiki. Mwaka 1922 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yakamnunua. Mwaka 1966 Willi Hennig, ambaye katika fani ya wadudu ni mtu wa kusimamiwa akiingia mlangoni, akamchunguza na kumkubali. Na alikuwa nzi wa ajabu, kwa sababu hakuwa jamii iliyokufa zamani. Alikuwa Fannia scalaris, nzi wa chooni, huyu huyu anayezunguka vyoo leo. Maana yake nzi wa chooni amekaa zaidi ya miaka milioni 30 bila kubadilika hata unywele. Watu wakaliandika hilo kama jambo la kisayansi.

Mwaka 1993 mtaalamu kijana wa makumbusho hayo, Andrew Ross, alikuwa anamwangalia nzi huyo chini ya hadubini. Taa ikapata joto, na ufa ukaanza kujionyesha kumzunguka nzi. Alipochunguza akakuta kipande kilikatwa katikati, nusu moja ikachimbwa kishimo, nzi wa kawaida akalazwa humo, utomvu ukamwagiwa juu yake, kisha nusu mbili zikagundishwa. Kaharabu ya kweli, nzi wa kweli, na uongo umekaa kati yao miaka 140 na ushee. Ni mwaka ule ule ilipotoka filamu ya Jurassic Park, ambayo ilifanya kila mtu duniani atake mdudu ndani ya kaharabu. Unaweza kufikiria soko lilivyochangamka.

Kinachoniuma kwenye habari hii siyo ujanja wa aliyetengeneza. Ni kwamba Hennig alikuwa na dalili mkononi. Nzi wa leo ndani ya kitu cha kale hivyo, hilo lenyewe lilitakiwa kumshtua. Lakini kisukuku kilikuwa kimeshapita kwenye mikono ya Loew na mlango wa London, na kila mlango unaopita unaongeza heshima bila kuongeza ushahidi. Wangapi kati yetu tunadesa kitu kwa sababu kimenukuliwa na Profesa fulani, aliyemnukuu Profesa mwingine, na hakuna aliyerudi kwenye nyaraka?

Basi nikaomba hadubini. Fundi mmoja wa maabara, mzee mwenye moyo, alituruhusu nusu saa. Unatafuta mstari wa maungio, au mapovu yaliyojipanga kwenye tabaka moja kama sahani. Unatafuta mdudu mkubwa kupita kiasi, katikati kabisa, amekunjua mabawa vizuri kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mdudu aliyenaswa kweli huwa na vurugu, mguu umevunjika, povu limetoka, uchafu uko pembeni. Kwenye kidani wawili walionekana kama sisimizi na mmoja kama kimbu, tena huyo wa tatu bawa lake lilikuwa limekatwa pale kipande kiliposuguliwa kung'arishwa. Mawimbi ya utomvu yalipita kuwazunguka bila kukatika. Mzee akatazama kwa muda mrefu, akasema kwa maoni yake hao wameingia wenyewe.

Karatasi niliyoandika ilikuwa na mistari miwili: sandarusi yenye wadudu watatu, yaelekea ya Afrika Mashariki au Madagaska, umri haujapimwa, kilinunuliwa dukani Unguja, mahali kilipochimbwa hapajulikani. Mgeni akaisoma, akashukuru, akashusha bei mpaka dola 40. Dada hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaja na hoja, na ilikuwa hoja nzuri kuliko nyingi ninazosikia seminari. "Muuzaji alinidanganya mimi, na hasara nimepata mimi. Wewe umemlinda Mzungu." Nilimjibu kwamba karatasi ile ingekuwa na jina langu, na kwamba kidani kitauzwa tena na tena na karatasi itakwenda nacho, mpaka siku moja mtu ataandika kwamba sisimizi fulani wa leo alikuwepo miaka milioni 40 iliyopita. Sijui kama nilimridhisha. Aliuza kwa dola 50 mwishoni, ana kipaji cha biashara kuliko mimi.

Tulipokuwa tunabishana hayo kwenye vimbweta, mshikaji mmoja wa Jiolojia akadakia. Akasema mbona hata makumbusho huunganisha mifupa ya wanyama tofauti na kuweka plasta palipokosekana? Kwani kosa la kuunganisha liko wapi? Nikamwambia bwana, hapo umenigusa, kaa chini.

Mwaka 1997 mkulima wa mkoa wa Liaoning, kaskazini mashariki ya China, alichimba vipande vya visukuku kwenye mawe yaliyopasuka kama keki. Liaoning ni mahali pa ajabu, mawe yake yanahifadhi hata manyoya. Wakulima wanajua kabisa kwamba mnyama mzima analipa kuliko nusu mnyama, na hakuna wa kumlaumu mtu wa jembe kwa kujua bei. Vipande vikagundishwa, vikapata umbo moja: mwili wa ndege, mkia wa dainosaria. Kikatolewa China kinyume cha sheria, na Februari 1999 kikawa mezani kwenye maonyesho ya vito ya Tucson, Arizona. Stephen Czerkas, aliyekuwa na makumbusho yake madogo kule Utah, akakinunua dola 80,000. Kwake kilikuwa kiungo kilichokosekana kati ya dainosaria na ndege.

Kilichofuata kinafundisha zaidi ya udanganyifu wenyewe. Julai 1999 Timothy Rowe wa Chuo Kikuu cha Texas alikipitisha kwenye mashine ya CT scan na kuona kwamba ni vipande vingi, na baadhi havishikani. Alisema. Majarida mawili makubwa ya sayansi, Nature na Science, yakaikataa makala. Lakini gazeti la National Geographic lilikuwa limeshapanga toleo lake, na Novemba 1999 likamtangaza Archaeoraptor kwa picha za rangi. Mwezi uliofuata mtaalamu wa Kichina, Xu Xing, aliyekuwa mmoja wa wachunguzi wa kisukuku hicho, akapata huko kwao bamba la upande wa pili. Jiwe la namna hii likipasuka linatoa nakala mbili zinazotazamana kama viganja viwili. Mkia ulikuwa ule ule, hata madoa yake ya kutu ya manjano yalilingana, ila kwenye bamba hili mkia uliendelea na mwili mwingine kabisa. Wa dainosaria mdogo. Ndege akawa amekwisha.

Sasa cheki uchungu wake. Huo mkia ulikuwa wa mnyama mpya kwa sayansi, Microraptor, aliyepewa jina mwaka 2000, mmoja wa dainosaria wadogo na wa maana kuliko karibu wote waliojulikana wakati ule. Na mwili wa mbele, mwaka 2002, ulitambuliwa kuwa wa ndege wa kale aitwaye Yanornis. Vitu viwili vya thamani viliunganishwa vikatengeneza kitu kimoja kisicho na thamani. Kisukuku kikarudishwa China mwaka 2000.

Brazili nako wana chao. Mwaka 1996 David Martill na wenzake walieleza fuvu la dainosaria lililonunuliwa na kupelekwa makumbusho ya Stuttgart, Ujerumani. Wauzaji walikuwa wamelirefusha pua kwa plasta ili livutie. Kugundua ujanja huo kuliwaudhi hao wataalamu mpaka wakampa mnyama jina la Irritator, yaani muudhi, liko hivyo kwenye vitabu mpaka leo. Na hata baada ya kuugundua walimweka ukoo usio wake. Mwaka huo huo mwingine akawasahihisha. Kwa sheria ya Brazili ya 1942 visukuku ni mali ya dola, kwa hiyo hata swali la kwa nini kilikuwa kinauzwa halijibiki vizuri.

Mshikaji wa Jiolojia bado alikuwa anangoja jibu lake, na jibu liko Lindi.

Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa kwenda Berlin. Ni mifupa iliyochukuliwa wakati wa ukoloni na mimi nina maoni yangu kuhusu irudi au isirudi, nitayaandika siku nyingine. Lakini haikununuliwa mezani. Mamia ya watu walichimba na kubeba mpaka bandarini Lindi, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye wageni wenyewe walimtegemea kuutambua mfupa kabla haujatoka wote. Kila shimo lilikuwa na alama yake, na kila mfupa ulisafiri na alama ya shimo lake.

Yule dainosaria mkubwa aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, mrefu zaidi ya mita 13, naye ni wa kuunganisha! Kiini chake ni mifupa ya shimo lenye alama S II, mingine imetoka kwa wanyama wengine wa Tendaguru, na palipokosekana pakawekwa plasta. Hajamdanganya mtu, kwa sababu imeandikwa upi umetoka wapi. Werner Janensch alimpa jina mwaka 1914, Brachiosaurus brancai, akimhesabu ndugu wa yule wa Marekani aliyetajwa mwaka 1903. Mwaka 1988 Gregory Paul akasema tofauti ni kubwa, akapendekeza jina la Giraffatitan. Mwaka 2009 Michael Taylor akailinganisha mifupa mmoja mmoja, akahesabu tofauti 26, na sasa wengi wanamwita Giraffatitan. Jina lilikuwa na kosa miaka yote hiyo na hakuna kilichoharibika, maana aliyetaka kusahihisha alikuwa na pa kurudi. Wa Archaeoraptor pa kurudi palikuwa kwenye bamba moja la bahati, mikononi mwa mtu mmoja, nchi nyingine.

Mwaka 2007 mtaalamu mwingine, Kristian Remes, alichukua mifupa miwili ya shingo kutoka Tendaguru, iliyokuwa Berlin tangu wakati wa uchimbaji, akaona ni ya mnyama ambaye hajawahi kupewa jina. Akamwita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2011 mwingine akasema ukoo aliowekwa siyo wake. Mshikaji wa Jiolojia anasema mifupa miwili tu ya shingo ni michache mno kumpa mnyama jina, na tumekubaliana kuendelea kubishana Jumamosi, vimbwetani, baada ya saa kumi.